Gitaa la kuanzia: nyuzi za nailoni, za chuma, au la umeme?

Mwanafunzi wa gitaa huanza kuchanganywa kabla hata hajagusa uzi. Mmoja atamwambia anunue la nyuzi za nailoni kwa kuwa haliumizi vidole. Mwingine atamwambia aanze na la nyuzi za chuma, vidole vikishazoea shida mengine yote ni mteremko. Wa tatu, kwa kawaida mpigaji wa bendi, atamwambia asipoteze muda, achukue la umeme moja kwa moja. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, ila wote wanaliruka swali la kwanza: muziki unaotaka kuupiga ni upi? Na kuna swali la pili ambalo hata wauzaji wengi hawaligusi, nalo ndilo linalofanya magitaa mengi yatundikwe ukutani baada ya mwezi mmoja: nyuzi ziko juu kiasi gani kutoka kwenye shingo? Gitaa la chuma lililorekebishwa vizuri hubanwa kwa urahisi kuliko la nailoni lililopinda shingo.

Tuelewane majina kwanza. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko wote, ulio karibu na sakafu ukiwa umepakata gitaa. Wa sita ni ule mnene ulio karibu na kidevu chako. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Mfupa wa juu ni kile kipande cheupe chenye mifereji sita, kilichoko shingo inapokutana na kichwa. Mfupa wa chini ni kile kinachobeba nyuzi pale kwenye daraja, yaani ule ubao uliogundishwa tumboni mwa gitaa. Boksi, kama linavyoitwa mitaani, ni gitaa la nyuzi za chuma lisilohitaji umeme.

| | Nailoni (klasiki) | Boksi la chuma | La umeme |
|---|---|---|---|
| Upana wa shingo kwenye mfupa wa juu | mm 50–52 | mm 43–44 | mm 42–43 |
| Urefu wa uzi, mfupa hadi mfupa | mm 650 | mm 634–650 | mm 628–648 |
| Mvuto wa nyuzi zote sita pamoja | kilo 37–41 | kilo 60–75 | kilo 38–47 |
| Kimo cha uzi wa 1 kwenye freti ya 12 | mm 3 | mm 2 | mm 1.5 |
| Kimo cha uzi wa 6 kwenye freti ya 12 | mm 4 | mm 2.5 | mm 2 |
| Shingo inaingia tumboni kwenye freti ya | 12 | 14 | 16 na kuendelea |

Mstari wa kuukazia macho ni ule wa mvuto. Nyuzi za chuma huvuta karibu mara mbili ya zile za nailoni, na ndiyo maana magitaa haya hayabadilishani nyuzi. Kosa hili linaonekana kila mahali: uzi wa nailoni umekatika, dukani zipo za chuma tu, mtu anafunga. Siku chache gitaa linaonekana zima, tena linalia kwa nguvu kuliko zamani. Kisha ubao wa mbele unavimba nyuma ya daraja, gundi inaachia, na asubuhi moja daraja linakutwa limeng'oka pamoja na vipande vya ubao. Magitaa mengi ya klasiki hayana ile fimbo ya chuma ndani ya shingo inayopingana na mvuto, kwa hiyo shingo nayo inapinda kuelekea nyuzi, na kuinyoosha ni kazi ambayo si kila fundi anaiweza. Kinyume chake, kufunga nailoni kwenye boksi la chuma hakuvunji kitu, ila sauti inakuwa hafifu na nyuzi zinagongagonga freti.

Mstari huohuo unafichua jambo jingine: la umeme na la nailoni yanakaribiana kwa mvuto, lakini la umeme ndilo jepesi zaidi kulibana, kwa sababu nyuzi zake ziko chini mno.

La nailoni

Faida yake ya kwanza inajulikana: uzi ni mnene na laini, haukati ncha za vidole. Ya pili haitajwi sana, nayo ni nafasi. Shingo ya milimita 52 inaacha pengo la kutosha kati ya uzi na uzi, kwa hiyo kidole kilichobana uzi wa pili hakimgusi jirani yake na kuuzima. Kwa anayejifunza kupiga kwa vidole, kila uzi kwa kidole chake, hakuna shule bora kuliko hii: dole gumba linashika nyuzi za 6, 5 na 4, kidole cha shahada uzi wa 3, cha kati uzi wa 2, cha pete uzi wa 1. Anayetaka kusoma nota na kufanya mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, hana la kuchagua, maana mtaala wao wa gitaa ni wa klasiki.

Upana huohuo unageuka adha pale unapofika kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya F, ambapo kidole cha shahada kinalazwa juu ya nyuzi zote sita. Kidole kina milimita nyingi zaidi za kufunika. Mwenye mkono mdogo anayetaka kuimba na kusindikiza tu atateseka bila sababu.

Wiki ya kwanza ya nyuzi mpya za nailoni huwavunja moyo wengi. Unatyuni, unapiga wimbo mmoja, nyuzi zimeshashuka. Gitaa si bovu: nailoni inatanuka siku kadhaa kabla ya kutulia. Ili kufupisha muda huo, vuta kila uzi taratibu kwa kidole juu ya tundu la sauti, tyuni tena, rudia mara tano au sita. Ukiona uzi mmoja unashuka tu hata baada ya wiki mbili, angalia fundo lake darajani. Uzi wa kwanza ni mwembamba na unateleza. Usokote mara tatu chini ya kitanzi chake, na ule mkia wa mwisho ubanwe nyuma ya ukingo wa daraja, usiachwe juu yake. Uzi wa nne ndio hukatika mapema kuliko wenzake, kwa kuwa una nyuzinyuzi laini ndani na waya mwembamba nje, na waya huo unalika kwenye freti.

Pwani, nailoni ina faida ya pekee. Chumvi ya Mombasa au Unguja hula nyuzi za chuma tupu kwa wiki chache. Nyuzi tatu nyembamba za nailoni hazipati kutu kabisa, na zile tatu nene, zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha, zinapoteza mng'ao na kuwa nyeusi, lakini hazikwaruzi kidole.

Udhaifu wake mkubwa ni sauti ya upole. Kwaya ya watu ishirini na ngoma mbili itaimeza yote. Na shingo ikishaingia tumboni kwenye freti ya 12, kupanda juu zaidi kwa ajili ya solo ni kujipinda kiwiko.

Boksi la chuma

Hili ndilo la anayeimba huku akipiga: nyimbo za ibada, kwaya za vijana, bongo fleva ya taratibu, zilipendwa za kukaa barazani. Sauti ni kali na ina mlio mrefu, na kordi tatu za G, C na D zinabeba nyimbo nyingi kuliko mwanafunzi anavyoamini. Ongeza kapo, yaani kibanio kinachofungwa shingoni na kubana nyuzi zote kwa pamoja, na tatizo la sauti ya mwimbaji limekwisha. Mwalimu wa kwaya akianzisha wimbo katika A-bemoli, bana kapo freti ya 1 upige maumbo yaleyale ya G. Akianzisha E-bemoli, kapo freti ya 1 na maumbo ya D.

Ndilo pia la mtindo wa vidole wa Katanga na wa magharibi mwa Kenya. Mwenda Jean Bosco, mpigaji gitaa wa Kongo aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na masikio yanadanganyika kudhani ni watu wawili. Waluhya wana omutibo, gitaa moja la boksi likisindikizwa na chupa ya soda inayogongwa na kukwaruzwa. Anayeutamani muziki huo asikubali kuambiwa anunue la klasiki eti kwa sababu anapiga kwa vidole. Mlio wa chuma ndio nusu ya mtindo wenyewe.

Maumivu yapo, tusifichane. Ncha za vidole zinauma wiki ya kwanza, wiki ya pili zinakuwa ngumu na kubabuka kidogo, na kati ya wiki ya tatu na ya nne sugu inakuwa imejijenga. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni hujenga sugu haraka kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu kidole kilichochubuka hakijengi kitu, kinasubiri kupona. Usipige mara tu baada ya kuoga au kufua: ngozi iliyolainika inakatika.

Maumivu mengi, hata hivyo, yanatokana na nyuzi zisizofaa. Boksi nyingi huuzwa zikiwa na seti ya 12–53, yaani uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.012. Mwambie muuzaji akufungie ya 10–47. Mvuto unashuka kutoka kilo zaidi ya 70 hadi karibu 60, na mkono unaijua tofauti hiyo siku ileile. Sauti inapungua unene kidogo; kwa mwanafunzi ni bei ndogo. Nafuu nyingine ya bure ni kutyuni nyuzi zote nusu hatua chini, kisha kubana kapo freti ya 1: nyuzi zinalegea, kapo inazishusha karibu na shingo, na noti zinabaki zilezile za kawaida.

Kuna kundi moja la kuliangalia kwa jicho la pili: magitaa ya inchi 38, yenye rangi ya kung'aa na bega lililokatwa, yanayouzwa yakiwa na begi, mkanda na piki ndani ya bei moja. Si yote mabaya. Lakini mengi yametoka kiwandani nyuzi zikiwa juu mno, mfupa wa juu haujachimbwa vya kutosha, na ncha za freti zinakwaruza kiganja. Ukilipima kwa namna tutakayoeleza hapo chini likafaulu, chukua. Likifeli, ongeza pesa kidogo uende kwenye la kiwanda kinachofahamika. Yamaha F310 na mwenzake wa nailoni, C40, yamekuwa magitaa ya kuanzia kwa miaka mingi na mafundi wanayajua.

Boksi lenye waya wa kuchomeka hufaa anayepiga kanisani, ila lina betri ndani. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, betri inaendelea kuliwa hata kama spika imezimwa, na Jumapili gitaa litakuwa bubu. Chomoa kebo kila unapomaliza.

La umeme

Mtu anayetaka dansi, rumba au benga, muziki wa akina Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz au D.O. Misiani na Shirati Jazz, anazungumzia gitaa la umeme hata kama hajui. Bendi hizo zimejengwa juu ya magitaa yanayogawana kazi: solo, ridhimu, besi. Solo ya sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezeka inayoongozwa na gitaa, inakaa juu ya shingo, freti ya 10, 12, 15, mahali ambapo boksi linakubania na la klasiki linakufungia mlango. Uzi wa tatu wa gitaa la umeme ni mtupu, haukuzungushiwa waya, kwa hiyo unaweza kuusukuma pembeni na kupandisha noti. Kwenye boksi uzi huo umezungushiwa waya na kuusukuma ni kushindana na chuma.

Kwa vidole vya mwanzoni ndilo rahisi kuliko yote. Seti ya 9–42 inabanwa kwa nguvu ndogo sana, na kordi ya F inayowatesa wenzako wa boksi kwa miezi utaipata mapema. Hatari yake ni nyingine: kwa wepesi huo mwanafunzi anabana kupita kiasi, noti inapanda juu ya ilivyotakiwa, na anadhani gitaa halijatyuniwa. Na nyuzi usizozipiga zinalia zenyewe kupitia spika. Kuzima nyuzi kwa ubavu wa kiganja cha kulia na kwa vidole vya kushoto vilivyolala ni somo la wiki ya kwanza, si la baadaye.

Gharama ndiyo mtego. Gitaa peke yake ni nusu ya safari: kuna amplifaya, kebo yenye jeki ya milimita 6.35, na umeme wenyewe. Tenga angalau theluthi ya bajeti kwa vitu hivyo. Amplifaya ya wati 10 au 15 inatosha chumbani na inabaki na nafasi. Ya wati 100 haina kazi kwa mwanafunzi isipokuwa kugombana na majirani. Iwe na tundu la hedifoni. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, hapo ndipo la umeme linapoyashinda mengine yote: bila kuchomekwa linasikika na mpigaji tu, na umeme ukikatika mazoezi yanaendelea.

Watu wengi huchomeka gitaa kwenye sabufa ya nyumbani. Linalia, lakini kwa mlio mfu, kama limefunikwa blanketi, kwa sababu sumaku za gitaa hutoa umeme dhaifu mno na tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu au deki yenye nguvu zaidi. Mtu anapandisha sauti hadi mwisho kufidia. Kisha anachomoa kebo bila kushusha, mshindo unapiga spika, na koni inapasuka. Kama huna amplifaya bado, piga kavu.

Jambo la usalama, na hili lisomwe mara mbili na vijana wa bendi za kanisa. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Soketi isipokuwa na waya wa ardhi, au ukikata ile pini ya tatu ya plagi, vidole vinaanza kuwashwa na midomo ikigusa maikrofoni inapigwa shoti. Amplifaya na mitambo ya maikrofoni vichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye ardhi inayofanya kazi. Mngurumo unaopungua ukigusa nyuzi ni kawaida kwa magitaa mengi. Mngurumo unaoambatana na muwasho vidoleni si kawaida, zima kwanza.

Epuka gitaa lenye daraja linaloelea kwa springi na nyuzi zilizofungwa kwa vitufe vya skrubu. Ni zana nzuri kwa mjuzi. Kwa mwanafunzi, kila ukikaza uzi mmoja daraja linainuka na nyingine tano zinalegea. Utatumia nusu saa kutyuni. Chagua daraja lililotulia.

Kadi mbili, tatu, nne

Hapa ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika, na kifaa kiko mfukoni. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Beba sita zisizo na maandishi yaliyovimba. Tafuta freti ya 12, katikati kabisa ya uzi. Simamisha gitaa kama unavyolipiga, usililaze, na usibane kitu. Panga kadi pamoja juu ya chuma cha freti ya 12, uziingize chini ya uzi wa kwanza. Zinatakiwa kuugusa uzi bila kuuinua.

La umeme: kadi mbili. Boksi la chuma: tatu. La nailoni: nne. Kadi moja zaidi ikipita kwa uhuru, gitaa hilo linahitaji fundi kabla ya kufundishia mtu. Mbili zaidi zikipita, liache.

Kimo kikubwa kina sababu tatu, na bei ya kuziponya haifanani. Kwanza chunguza shingo: bana uzi wa sita kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoingia tumboni kwa wakati mmoja, kisha tazama pengo juu ya freti ya 7. Iingie karatasi ngumu ya kadi ya biashara, basi. Pengo likiwa kubwa, shingo imepinda. Ikiwa ina fimbo ya chuma ndani, fundi ataikaza robo mzunguko kwa robo mzunguko. Bila fimbo, kwaheri. Pili ni mfupa wa juu: bana uzi kwenye freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Panatakiwa pengo la unene wa karatasi. Likiwa kubwa, kordi za freti za mwanzo zitakuwa ngumu na zitalia juu ya noti hata kama umetyuni sawasawa. Mifereji inachimbwa kwa kifailo chembamba, dakika chache kwa fundi, lakini akizidisha nyuzi zitagonga na mfupa utabadilishwa.

Sababu ya tatu ni mfupa wa chini kuwa mrefu, nayo ndiyo nafuu kuliko zote. Kwenye boksi na la nailoni mfupa huo umechomekwa tu. Legeza nyuzi, uvute, usugue upande wake wa chini kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Hesabu ni hii: kushusha kimo milimita 1 kwenye freti ya 12, sugua milimita 2. Piga mstari kwa penseli kwanza, na usipitishe mstari. Kwenye la umeme hakuna kusugua, ni kuzungusha skrubu za daraja.

Ukiwa bado dukani, piga kila freti ya kila uzi, moja moja, ukisikiliza mlio wa kugonga. Kisha gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, upige: utatoa mlio wa kengele. Sasa ubane freti hiyohiyo upige tena. Noti mbili hizo ziwe moja. Tyuna ya simu itakuonyesha.

Nani achukue lipi

Anayeimba kanisani au barazani, boksi la chuma lenye seti ya 10–47. Anayeota bendi, la umeme, na asidanganywe kwamba lazima apitie boksi kwanza. Anayetaka klasiki na nota, la nailoni. Asiyejua bado anataka nini tunampa boksi, kwa kuwa halidai vifaa vingine na ujuzi wake unahamia kwenye la umeme bila kujifunza upya.

Watoto ni habari nyingine. Kati ya miaka 5 na 7, gitaa la nusu. 8 hadi 11, la robo tatu. 12 na kuendelea, la kawaida. Yote yawe ya nailoni isipokuwa mtoto mwenyewe anatamani la umeme, maana yapo ya umeme ya robo tatu na vidole vidogo vinayamudu vizuri. Usimpe mtoto wa miaka 8 boksi la watu wazima lenye 12–53 kisha ukashangaa analikimbia.

Mwenye mashoto anaweza kugeuza nyuzi za gitaa la klasiki baada ya kubadilisha mfupa wa juu, kwa sababu mfupa wake wa chini umenyooka. Kwenye boksi mfupa wa chini umekaa mshazari, ukigeuza nyuzi noti za juu zinapotoka. Atafute lililotengenezwa kwa mashoto.

La mtumba

Gitaa lililotumika mara nyingi linalipa kuliko jipya la bei ileile, mradi ulikague. Pitisha karatasi nyuma ya daraja: ikiingia chini yake, gundi imeanza kuachia. Uliza lilikuwa likikaa wapi. Gari lililofungwa juani hulainisha gundi. Chumba kikavu cha Dodoma wakati wa kiangazi hukausha ubao hadi ncha za freti zinachomoza pembeni na kuchana kiganja. Unyevu wa pwani huvimbisha ubao wa mbele na kuinua nyuzi. Zungusha kila ufunguo wa kukazia nyuzi, uone kama unashika au unateleza. Kwenye la umeme tikisa kebo ndani ya jeki na zungusha vitufe vyote ukisikiliza mikwaruzo.

Halafu shika gitaa kama unalenga shabaha, jicho moja limefumbwa, utazame shingo kutoka kichwani kuelekea daraja. Kingo zake mbili ziende sambamba. Jeki inayokwaruza, ufunguo uliolegea na nyuzi zenye kutu ni sababu za kuomba upunguziwe bei. Shingo iliyojisokota, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, hata ukipewa bure usiibebe.